Kuzalisha mbwa wa mbegu wenye afya: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Nimefuga na kuzalisha mbwa aina ya German Shepherd hapa Arusha kwa miaka 19. Maswali haya nimeulizwa getini, kliniki, kwenye simu saa nane za usiku jike wa mtu akiwa na uchungu, na zaidi ya yote nimeulizwa na watu waliokwisha kununua dume na jike na wanataka tu kujua waanze lini. Nimeyajibu yote hapa. Majibu mengine ni marefu, na hayo ndiyo yanayogusa mambo yanayowatesa mbwa zaidi.

Mbwa wangu ana cheti cha ukoo. Hicho si uthibitisho kwamba ni mzima?

Si uthibitisho. Cheti kinataja baba, mama, na mababu wa vizazi vitatu au vinne. Hakisemi nyonga zao zilikuwaje, wala bibi yake alikufa na umri gani na kwa ugonjwa gani.

Mimi nilifundishwa hilo na Tausi, jike wangu wa kwanza. Nilimchukua akiwa na wiki 8 kwa mzalishaji mwenye vikombe vimejaa kabatini, na cheti chake kilikuwa na majina ya mabingwa yaliyochapwa kwa wino mwekundu. Alipofika miezi 11 nikaona anapanda ngazi tatu za barazani kwa kuruka, miguu yote miwili ya nyuma kwa pamoja, kama sungura. Nikadhani ni furaha. Watoto wangu wakamwita Sungura. Alipopata joto la pili, yaani kipindi cha jike kutaka dume, nikampandisha, akazaa watoto 7. Baada ya kunyonyesha, akawa akifika kwenye ngazi ya kwanza anaitazama, kisha anaketi. Ndipo nilipompeleka kupigwa eksirei. Hata mimi nisiyejua kuzisoma picha hizo niliona: kichwa cha mfupa wa paja, ambacho hukaa ndani ya kikombe cha nyonga kama mchi ndani ya kinu, kwake kilikuwa kimeegemea ukingoni, nusu nje. Pande zote mbili.

Aliyeniuzia aliniambia nimemlisha vibaya. Lakini alipoulizwa kama wazazi wa Tausi waliwahi kupigwa picha ya nyonga, alikiri kwamba hawakupigwa. Swali hilo ndilo nililopaswa kumuuliza kabla ya kutoa pesa.

Kwa nini mbwa wa mbegu wanasumbuliwa sana na magonjwa ya kurithi?

Kwa sababu mlango umefungwa. Kennel Club ya London ilianzishwa mwaka 1873, na vyama vingine vikafuata nyayo zake: mbwa wa aina fulani wanaandikwa kwenye daftari, daftari linafungwa, na kuanzia hapo mtoto anaandikishwa tu ikiwa wazazi wote wawili wamo humo. Damu mpya haiingii tena. Kisha ndani ya uzio huo watu wote wanakimbilia dume mmoja aliyeshinda maonyesho. Akipandisha majike mia mbili, baada ya vizazi vitatu ni vigumu kumpata mbwa asiyekuwa mjukuu wake.

Watafiti wa Imperial College London walichambua kumbukumbu za ukoo wa aina 10 za mbwa wa Uingereza na kutoa matokeo mwaka 2008. Aina hizo zina maelfu kwa maelfu ya mbwa, lakini kwa hesabu ya vinasaba nane kati yake zilikuwa kama jamii ya mbwa 40 hadi 80 tu. Fikiria kijiji cha watu 60 ambacho vijana wake hawaruhusiwi kuoa nje.

Wengi wetu tuna ndugu au jirani mwenye mtoto wa selimundu, kwa hiyo hesabu ya madhara yake si ngeni. Mwenye nakala moja ya jeni ya selimundu anaishi vizuri. Akizaa na mwenzake mwenye nakala moja, kila mtoto ana nafasi 1 kati ya 4 ya kuzaliwa na ugonjwa. Magonjwa mengi ya kurithi ya mbwa hupita njia hiyo hiyo. Kila mbwa, hata koko wa sokoni, amebeba jeni mbovu chache zilizolala. Ukipandisha ndugu, unazikutanisha.

Lakini kupandisha kaka na dada, au baba na binti, si ndiyo njia ya kuhifadhi mbegu?

Ndivyo tulivyoambiwa. Mtoto wa kaka na dada ana nafasi ya asilimia 25 kwamba jeni yoyote aliyo nayo amepewa nakala mbili zilizotoka kwa babu mmoja. Mtoto wa baba na binti ni asilimia 25 vilevile. Wa binamu ni 6.25. Kadiri namba inavyopanda, watoto wa uzao mmoja wanapungua idadi, wengine wanakufa katika wiki ya kwanza bila sababu inayoonekana, na wanaobaki hushindwa kupambana na maradhi. Kennel Club ya Uingereza tangu mwaka 2009 haiandikishi watoto wa kaka na dada, wa mama na mwanawe, wala wa baba na binti.

Kwetu hatari ni kubwa zaidi, maana mbwa wa mbegu ni wachache. Dume mmoja akiletwa kutoka Ujerumani, baada ya miaka sita watoto wake wako Nairobi, Moshi, Dar na Kampala, na wenyewe hawajuani. Kabla ya kukubali dume, weka cheti chake pembeni ya cheti cha jike wako na usome majina yote hadi kizazi cha mwisho kilichoandikwa. Jina likijirudia pande zote mbili, tafuta dume mwingine, hata kama itakubidi upande basi.

Nipime nini kabla ya kupandisha?

Inategemea aina. German Shepherd: nyonga na viwiko kwa eksirei, na kipimo cha vinasaba cha ugonjwa wa uti wa mgongo unaopoozesha miguu ya nyuma polepole mbwa akishazeeka. Jeni yake inaitwa SOD1, na uhusiano wake na ugonjwa huo ulitangazwa mwaka 2009. Rottweiler: nyonga, viwiko na moyo. Dalmatian: masikio na mkojo. Ridgeback na mbwa wa pua fupi nimewajibia chini.

Nyonga zinahitaji maelezo. Mbwa hulazwa chali akiwa amepewa dawa ya usingizi, miguu ya nyuma inanyooshwa sawasawa, picha inapigwa. Ikipigwa mbwa akiwa macho na anajivuta, haina maana. Nchi nyingi za Ulaya hutoa daraja kuanzia A, nyonga nzuri kabisa, hadi E. Waingereza huhesabu makosa: 0 hadi 53 kwa kila nyonga, jumla 106, na kadiri namba ilivyo ndogo ndivyo bora. Mtu akikuambia kwa fahari mbwa wake amepata 60 kwa mtindo wa Uingereza, usidhani ni alama za mtihani wa shule.

Usiridhike na picha ya dume na jike peke yao. Nyonga hazifuati jeni moja, bali nyingi kwa pamoja, na mbwa mwenye nyonga nzuri anaweza kuwa na ndugu wote wabaya. Mimi sasa naulizia ndugu wa tumbo moja kabla sijauliza kuhusu kikombe chochote.

Na vipimo hivyo huku kwetu vinapatikana?

Eksirei ipo kwenye kliniki kubwa za wanyama mijini. Pa kuanzia kuulizia ni vyuo vinavyofundisha udaktari wa mifugo, Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete na Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro. Vipimo vya vinasaba ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri: kijiti chenye pamba kinasuguliwa ndani ya shavu la mbwa, kinakaushwa, kinatumwa maabara nje ya nchi, majibu yanakuja kwa barua pepe.

Vipo pia vipimo visivyohitaji shilingi hata moja. Mwangalie jike wako akipanda ngazi. Mwangalie akiamka baada ya kulala saa nzima kwenye sakafu baridi. Mkimbize mita mia na usikilize anavyohema. Pigia simu waliochukua ndugu zake uwaulize wanaendeleaje.

Chakula kina nafasi gani? Wengine wanasema nyonga zinaharibika kwa chakula.

Kina nafasi kubwa, ila hakiumbi ugonjwa mahali ambapo hakuna urithi. Utafiti uliotolewa mwaka 2002 uliwafuatilia Labrador 48 tangu utotoni hadi kufa, wakiwa wawili wawili wa tumbo moja. Mmoja alipewa robo pungufu ya chakula cha mwenzake. Waliokula kidogo waliishi karibu miaka miwili zaidi, na maumivu ya viungo yalichelewa kuwaanza. Kwa hiyo mtoto wa mbwa mkubwa asiwe kibonge. Ukipitisha viganja ubavuni uzihisi mbavu bila kuzitafuta. Na ile kasumba ya kumwongezea unga wa kalsiamu "ili awe na mifupa" iachwe kabisa. Kwa watoto wa mbwa wakubwa, kalsiamu iliyozidi inaharibu ukuaji wa mifupa yenyewe.

Jike aanze kuzaa na umri gani, na mara ngapi?

Akishatimiza miaka 2 na vipimo vyake vimetoka. Apumzike joto moja au zaidi kati ya uzao na uzao. Kennel Club ya Uingereza haiandikishi zaidi ya uzao 4 kwa jike mmoja, wala watoto wa jike aliyekwisha kufikisha miaka 8. Kwangu hata uzao 3 unatosha. Nimeona majike waliozalishwa kila joto. Matiti yamening'inia, mgongo umepinda, mwenye nyumba anasema ni mvivu.

Nampenda Bulldog au Pug. Kuna ubaya gani kuwafuga pwani?

Niliwahi kukaa na Pug mmoja kwenye benchi la kliniki Dar es Salaam, Februari, saa tano asubuhi. Feni ilikuwa inazunguka. Hakuwa ameletwa kwa shida ya kupumua, aliletwa kuchanjwa. Kila pumzi ilitoka na mkoromo, na ulimi wake ulikuwa umeanza kuwa wa zambarau. Mwenye mbwa, mama mmoja mpole aliyempenda sana, akaniambia, "Ndivyo wanavyokuwa, dada, ni mbegu yao." Sentensi ile ndiyo iliyonifanya nianze kuandika majibu haya.

Mbwa hapoi kwa jasho kama sisi. Anapoa kwa kutweta, hewa ikipita juu ya ulimi na ndani ya pua. Mbwa wa pua fupi amefupishiwa mfupa wa uso, lakini nyama laini zilizomo ndani hazikupungua. Kaakaa laini linaning'inia mbele ya koo na matundu ya pua yamebanwa kama ufa. Kwenye unyevu wa Dar au Mombasa, mbwa huyo anashinda akipigania kile ambacho mbwa mwingine hakifikirii. Na si kupumua tu. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya uzao wa Bulldog, French Bulldog na Boston Terrier hutoka kwa upasuaji. Kichwa na mabega ya mtoto havipiti kwenye nyonga za mama.

Umbo hilo lilitengenezwa na watu, na watu wanaweza kulirudisha nyuma. Uholanzi mwaka 2019 iliweka kigezo kwamba mbwa ambaye pua yake haifiki takriban theluthi ya urefu wa fuvu hapandishwi. Uingereza mwaka huohuo walianza kipimo kilichobuniwa na Chuo Kikuu cha Cambridge: mbwa anasikilizwa koo, anakimbizwa mwendo wa mchakamchaka kwa dakika 3, anasikilizwa tena, anapewa daraja 0 hadi 3. Wa 3 hapandishwi. Kipimo hiki daktari yeyote mwenye stethoskopu na uwanja anaweza kukielewa.

Ushauri wangu kwa mtu wa pwani: usinunue. Kama tayari unaye, mpende, mpunguze uzito, mtembeze kabla ya jua kuchomoza, mfunge mkanda wa kifuani badala ya kola ya shingoni, na asizae.

Wazungu wenyewe wamefanya nini kuhusu haya? Si ndio walioanzisha?

Ndio walioanzisha, na walichelewa. Mwaka 2008 BBC ilirusha kipindi kilichoonyesha mabingwa wa maonyesho wakiugua, na mwaka uliofuata ikaacha kuonyesha Crufts, maonyesho makubwa ya mbwa ya Uingereza. Mwaka 2010 ikatoka ripoti ya uchunguzi huru ulioongozwa na Patrick Bateson, mtaalamu wa tabia za wanyama wa Cambridge. Mwaka 2012 Crufts wakaweka madaktari kuwakagua washindi wa aina 15 zenye matatizo makubwa kabla hawajaendelea mbele, na washindi 6 wakaondolewa, akiwemo Bulldog na Pekingese. Lakini mwaka 2016, uwanja uleule, German Shepherd mwenye mgongo ulioteremka kama paa la banda alishinda daraja la aina yake huku watazamaji wakimwona anavyoyumba.

Hilo liliniuma kwa sababu hii ni aina yangu. Max von Stephanitz alipoanzisha chama cha German Shepherd mwaka 1899, mbwa wa kwanza aliyeandikwa, Horand von Grafrath, alikuwa mbwa wa kuchunga kondoo. Itazame picha yake: mgongo umenyooka.

Nikigundua mbwa wangu amebeba jeni mbovu, nimhasi mara moja?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na jibu lake nimelipata kwa mbwa wa Kongo.

Basenji ni mbwa wa uwindaji wa misitu ya Kongo. Habweki kama wengine, anatoa sauti kama ya kuimba, na majike wengi hupata joto mara moja tu kwa mwaka. Jina lenyewe limetoka Kilingala na ni ndugu wa neno letu "washenzi": mbwa wa watu wa porini. Waingereza walipofanikiwa kumfuga kwao miaka ya 1930, walianza na mbwa wachache mno. Kisha ukajitokeza upungufu wa damu wa kurithi unaoua mbwa wakiwa wadogo. Miaka ya 1970 kikapatikana kipimo cha damu kilichoonyesha nani amebeba jeni hiyo, na wazalishaji, kwa nia njema kabisa, wakawaondoa wabebaji wote kwenye uzazi kwa mkupuo. Ugonjwa ukapungua sana. Lakini pamoja na wabebaji walitupa na sehemu kubwa ya damu iliyokuwa imebaki, na ugonjwa mwingine, wa figo kumwaga sukari na madini kwenye mkojo, ukazidi kuonekana kwa mbwa wa miaka 4 hadi 7 ambao tayari walikuwa wameshazaa.

Waliokoaje? Mwaka 1987 na 1988 wapenzi wa Basenji walisafiri hadi Zaire, wakaingia vijijini, wakachagua mbwa wa wawindaji, na mwaka 1990 chama cha Marekani kikakubali kufungua daftari lake ili mbwa hao waingie. Damu ya mbwa wa kijijini ilikwenda kuwasaidia mabingwa. Mwaka 2011 kipimo kamili cha jeni ya ugonjwa wa figo kikapatikana, na safari hii hawakurudia kosa: mbebaji anapandishwa na mbwa asiye na jeni hiyo. Hakuna mtoto atakayeugua. Kisha watoto wanapimwa, na wanaochaguliwa kuendelea ni wasio nayo.

Kwa hiyo mbebaji wa ugonjwa wa jeni moja, akiwa mzuri kwa mengine yote, usimtupe, mchagulie mwenza. Mbwa anayeugua mwenyewe ni habari nyingine. Huyo asizae.

Nikichanganya aina mbili si nimeharibu mbegu?

Dalmatian wote wa asili walikuwa na hitilafu moja: asidi ya yuriki ilijaa kwenye mkojo, kwa baadhi yao ikatengeneza mawe, na madume wengine wakaziba wasiweze kukojoa. Kwa kuwa hapakuwa na hata mmoja aliye salama, hapakuwa na wa kumchagua. Mwaka 1973 mtaalamu wa vinasaba wa Marekani, Robert Schaible, alimpandisha Dalmatian na Pointer mara moja tu, kisha akarudi kwa Dalmatian kizazi baada ya kizazi, akibakiza watoto wenye mkojo salama. Vyama vilimkatalia kwa miaka mingi. Kennel Club ya Uingereza ilikubali mwaka 2010, ya Marekani mwaka 2011. Jike aliyefikishwa Crufts mwaka 2011 alikuwa Dalmatian kwa asilimia 99.98, madoadoa yote mahali pake.

Hilo halina uhusiano na mtu anayepandisha Rottweiler na German Shepherd kwa sababu wamekutana uani, kisha akawauza watoto kwa jina la mbegu ambayo haipo.

Basi mbwa koko ni mzima kuliko mbwa wa mbegu?

Kwa magonjwa ya kurithi, mara nyingi ndiyo. Hakuna aliyempunguza pua wala kumteremsha mgongo, na asiyeweza kukimbia hakuishi hadi kuzaa. Lakini anakufa kwa pavo (ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo), kichaa cha mbwa, kupe na pikipiki kwa sababu hakuna anayemtunza. Mchukue mtoto wa koko, mchanje, mpe dawa ya minyoo, utakuwa na mlinzi mwema wa miaka mingi.

Mtoto aliyezaliwa bila alama ya mbegu afanywe nini?

Aishi. Nasema hivyo kwa uzito kwa sababu ya Ridgeback, mbwa wa kusini mwa Afrika ambaye mwongozo wake wa umbo uliandikwa Bulawayo mwaka 1922. Alama yake ni mstari wa manyoya yanayoelekea mbele juu ya mgongo. Watoto wachache huzaliwa bila mstari huo, na kwa miaka mingi wazalishaji waliwaua siku hiyohiyo. Mwaka 2007 ikajulikana jinsi jeni ya mstari inavyofanya kazi: yule mwenye nakala mbili ndiye aliye kwenye hatari kubwa ya kuzaliwa na tundu la ngozi linalochimba kuelekea uti wa mgongo, na linaweza kuoza. Waliokuwa wanauawa ndio waliokuwa wazima.

Tundu hilo linatafutwa kwa vidole. Mtoto wa siku chache, unaivuta ngozi ya shingoni na mgongoni juu taratibu na kuipitisha kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukihisi kitu kama uzi umeshikilia chini, mpeleke kwa daktari.

Kukata mikia na masikio ni lazima kwa mbegu?

Si lazima, na usikate. Mbwa huongea kwa mkia na masikio.

Watoto wakizaliwa nifanye nini?

Nunua mizani ya jikoni na nyuzi za sufu za rangi mbalimbali. Kila mtoto anafungwa uzi wake shingoni, umelegea kiasi cha kidole kupita, na unabadilishwa kila baada ya siku chache maana wanakua upesi. Asubuhi na jioni wanapimwa na uzito unaandikwa kwenye daftari. Mtoto mwenye afya huongeza kidogo kila siku na kufikia maradufu ya uzito wa kuzaliwa ndani ya siku 10 hivi. Asiyeongezeka kwa siku nzima ana shida, hata kama anaonekana amelala kwa raha. Uzi wa njano uliwahi kusimama kwenye gramu 410 tangu asubuhi hadi jioni. Nilipomfungua mdomo nikaona kaakaa limepasuka. Bila mizani ningemwona akiwa amekufa.

Dawa ya minyoo kuanzia wiki ya 2, kurudia kila baada ya wiki 2. Chanjo ya pavo na wenzake kuanzia wiki ya 6 hadi 8, inarudiwa hadi wiki ya 16. Kichaa cha mbwa wiki ya 12. Na kuanzia wiki ya 3 washikwe na watu wa kila namna, wasikie redio, sufuria, mvua ya bati. Woga pia ni ulemavu.

Sisi tunataka mbwa wa lindo tu, haingii hata ndani. Haya yanatuhusu?

Yanawahusu sana. Mbwa mwenye nyonga mbovu hamfukuzi mwizi, na mbwa mwenye maumivu huwauma watoto wa nyumbani.

Nitamjuaje mzalishaji mwema?

Atakuuliza maswali mengi kuliko unayomuuliza. Atakuonyesha mama akiwa na watoto, palepale wanapolala, na mama huyo atakuwa na nyama mwilini. Atakupa majibu ya vipimo yenye jina na namba ya chipu ya mbwa, na kadi ya chanjo yenye stika za vichupa na muhuri wa daktari. Hatakupa mtoto chini ya wiki 8. Atakuandikia kwamba mbwa akikushinda umrudishe kwake. Anayetaka mkutane kituo cha mafuta, au anayening'iniza watoto kwenye dirisha la gari lako kwenye foleni, mwache, hata kama moyo unakuuma. Ukimnunua yule mmoja kwa huruma, mama yake anapandishwa tena.

Kwa walio Kenya, East Africa Kennel Club ya Nairobi ni mahali pa kuulizia uandikishaji na kukutana na wafugaji wengine.

Hii kazi inalipa?

Ukipima, ukachanja, ukalisha vizuri na ukapumzisha majike, hubaki na kidogo sana. Upasuaji mmoja wa usiku unaweza kumeza faida ya uzao mzima. Mwenye haja ya kipato afuge kuku.

Nimeshazalisha bila kupima, na sasa najua mama ana tatizo. Nifanye nini?

Mama asizae tena, afungwe uzazi. Kisha fungua daftari lako upige simu kwa kila aliyechukua mtoto, kabla hajasikia kwa mwingine. Mwambie ugonjwa ni upi, apime lini, na asimpandishe mbwa huyo hadi majibu yatoke.

Mimi nilipiga simu saba. Wawili walinitukana, na walikuwa na haki. Mmoja alikata simu. Wanne walikwenda kupiga picha nilizolipia mimi, na watatu kati ya mbwa hao walikuwa na nyonga za mama yao. Niliwarudishia wenyewe pesa kwa mafungu, miezi minane. Waliwabakiza mbwa wao wote.

Tausi aliishi miaka 9, mwembamba kwa makusudi, akitembezwa kidogo kidogo asubuhi na jioni, na dawa za maumivu kila msimu wa baridi. Fundi alinitengenezea mteremko wa mbao pembeni ya zile ngazi tatu, na nikaubandika zulia kuukuu asiteleze. Mteremko bado upo. Watoto wa mbwa wakifika wiki ya 5 ndiyo njia yao ya kwanza kupanda barazani, nami hukaa kwenye kiti nikitazama miguu yao ya nyuma, mmoja mmoja.